Namba ilikuwa ya kwako: namna habari inavyotembea kutoka grupu hadi grupu

Kila kartie iko na grupu yake ya WhatsApp. Kila kwaya, kila mutualite, kila soko, kila darasa la watu waliosoma pamoja. Tunazitumia kwa kilio na kwa ndoa, kwa kuuza na kwa kuuliza bei ya dolari, kwa kutafuta mtoto aliyepotea, na siku zingine kwa kukimbia. Lakini ni wachache wanaojiuliza: huu ujumbe umepitia wapi mpaka umenifikia? Na kwa nini grupu moja inadumu miaka mingi, na ingine inageuka soko ya kelele nyuma ya miezi miwili? Tueleze pole pole.

Usiku mmoja hapa Butembo

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ilikuwa karibu saa tatu ya usiku, miaka michache iliyopita, mvua inanyesha. Katika grupu ya watu wa kazi, mtu mmoja alitupa odio. Sauti ya mwanaume anayehema, anasema waasi wamekwisha kuvuka mto na wako wanakuja, watu watoke. Haikutaja tarehe. Haikutaja jina la mto. Mimi sikujiuliza. Nilifikiri juu ya jirani zangu, nikaipartaje katika grupu ya kartie na katika grupu ya kwaya. Kazi ya vidole viwili, ikakwisha.

Robo saa baadaye, milango ilianza kufunguka. Watu walitoka na magodoro kichwani, watoto mgongoni, chini ya mvua. Mama mmoja mzee wa kartie yetu alianguka katika mfereji akavunjika mguu. Mtoto wa jirani, wa miaka sita, aliachana na mkono wa dada yake kwenye giza. Na waasi hawakuwako. Ile odio haikutengenezwa na muongo: ilikuwa sauti ya kweli, lakini ya zamani, na ilitoka teritware ingine mbali na sisi.

Nilipoenda kumsalimia yule mama hospitali, nilimwomba msamaha. Hakunigombeza. Aliniambia tu: “Mutoto wangu, ile sauti haikukuwa ya kwako. Lakini namba ilikuwa ya kwako. Njo maana tulikimbia.”

Ile neno sijaisahau. Watu hawakuamini odio. Waliamini mimi, mtu wa radio, niliyeituma.

Sasa sikieni na nusu ya pili ya hadisi. Dada wa yule mtoto alitupa picha yake katika grupu ya kartie usiku ule ule. Mwanakwaya mmoja aliiona, naye ni memba wa grupu ya wauza makala. Akaipeleka huko. Kabla jua halijatoka, mwanamke mmoja wa komini ya Bulengera alijibu: mtoto yuko kwake, amekula, amelala. Yeye na sisi hatukujuana hata kidogo.

Daraja ni lile lile. Usiku lilipitisha woga wa bure, asubuhi likaturudishia mtoto. Ukielewa hilo daraja, umeelewa mambo mengi juu ya mitandao.

Watu wa karibu na watu wa mbali

Mwaka 1973, wakati intaneti ya leo haijakuwako, mtafiti mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Aliwauliza swali jepesi: huyo mtu aliyekuonyesha kazi, mlikuwa mnaonana mara ngapi? Wengi wetu tungejibu: ni ndugu, ni rafiki wa kila siku. Lakini haikuwa hivyo. Karibu watu 17 tu kwa 100 walipata kazi kwa mtu wanayeonana naye mara nyingi. Wengine wote, zaidi ya 80 kwa 100, waliipata kwa mtu wanayeonana mara moja moja, ama kwa nadra sana: mtu waliyefanya naye kazi zamani, mtu wa kusalimiana njiani.

Sababu yake si ngumu. Rafiki zako wa karibu wanaishi pale unapoishi, wanasikia kile unachosikia. Wakiwa na habari, na wewe uko nayo tayari. Yule mtu wa mbali anaishi katika duara ingine, kwa hiyo analeta kitu kipya.

Angalia simu yako sasa. Grupu ya familia, ya kartie, ya kanisa: hizo ni duara. Ndani yake watu wote wanajuana. Lakini kuna watu wachache ambao wako katika duara mbili, tatu, kumi. Mwanakwaya anayeuza makala. Motari ambaye ni pia memba wa mutualite ya watu wa Lubero. Mfanyabiashara wa Butembo mwenye grupu ya wenzake wanaoleta vitu kutoka Dubai na Guangzhou. Muuguzi mwenye grupu ya hospitali na grupu ya kijiji cha mama yake. Hao ndio madaraja. Bila wao, kila grupu ingebaki kama kisiwa.

Kwa hiyo habari hairuki yenyewe kutoka Beni mpaka Uvira, ama kutoka Bunia mpaka kambi ya Nyarugusu katika Tanzania, wanakoishi ndugu zetu wengi. Kila mara kuna mtu aliyesimama katikati, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, na kidole chake kwenye simu.

Barua zilizokufa njiani

Kuna jaribio lingine la zamani linalotusaidia. Katika miaka ya 1960, mwalimu wa Marekani aitwaye Stanley Milgram alitaka kujua ni watu wangapi wanaotenganisha mtu na mtu asiyemjua. Aliwapa watu barua ya kumfikishia mwanaume mmoja anayefanya kazi Boston. Sharti: usimtumie moja kwa moja kama humjui, mpe mtu unayemjua wewe, unayedhani yuko karibu naye zaidi. Huyo naye afanye vilevile.

Matokeo aliyoyatoa mwaka 1969 pamoja na mwenzake Jeffrey Travers yalishangaza: barua zilizofika zilipitia mikononi mwa watu karibu watano tu katikati. Kutoka hapo watu wakazoea kusema kwamba dunia ni ndogo. Na mwaka 2016 Facebook ilitangaza kwamba ilipiga hesabu juu ya watu wake wote na kukuta wastani wa hatua 3.57 kati ya mtu na mtu.

Lakini kuna hesabu ambayo watu hawaitaji sana. Watu walioanza katika lile jaribio walikuwa 296. Barua zilizofika ni 64. Zingine zilikufa njiani. Njia ilikuwako, lakini mtu mmoja katikati hakuipeleka mbele.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Kila mtu katikati ana nguvu ya kupitisha na nguvu ya kusimamisha. Ile barua ya Milgram ilikufa kwa uvivu. Odio ya uongo inaweza kufa kwa akili: mtu mmoja anaisikia, anauliza, anakosa jibu, anaiacha ibaki kwake.

WhatsApp imetengenezwa namna gani

Kwa nini mambo haya yanatembea zaidi kwa WhatsApp kuliko njia zingine? WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, ikanunuliwa na Facebook mwaka 2014. Kwetu ilipendwa kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni bei: mega kidogo zinatosha kwa ujumbe mwingi, kuliko kumpigia kila mtu. Ya pili ni odio, ambazo zilikuja mwaka 2013. Mama asiyesoma Kifaransa, asiyezoea kuandika, anashika kibatoni na kusema Kinande, Mashi, Kihunde, Kibembe, ama Kiswahili chake cha nyumbani. Sauti imewaingiza wazee wetu ndani ya intaneti bila kwenda shule.

Lakini sauti iko na shida yake pia. Maandishi unaweza kuyapima. Sauti ya mtu anayelia inakuingia ndani mbele akili haijaamka. Na odio haina uso: haionyeshi mahali, haionyeshi siku ilipotengenezwa.

Jambo lingine: tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa ufunguo, kutoka simu ya anayetuma mpaka simu ya anayepokea. Kampuni yenyewe haiwezi kusoma. Hiyo ni ulinzi mzuri kwetu. Lakini maana yake ni kwamba hakuna mtu juu anayesahihisha uongo unaopita ndani ya grupu yenu. Anayeweza kufanya hiyo kazi ni wewe, admini na wanamemba.

Kampuni ilifanya kitu kimoja: ilipunguza mwendo. Mwezi wa kwanza 2019 iliweka mpaka kwamba ujumbe unaopelekwa mbele uende kwa mahali 5 tu kwa mara moja. Mwezi wa nne 2020, wakati wa Covid-19, iliongeza ukali: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi unaandamwa na alama ya mishale miwili, na unaweza kuupeleka mahali pamoja tu kwa mara moja. Kampuni ilisema kwamba baada ya hapo kupelekwa kwa ujumbe wa namna hiyo kulipungua kwa 70 kwa 100. Hawakufuta uongo. Waliweka tu kilima kidogo njiani, na wengi wakachoka kukipanda.

Kwa hiyo ukiona mishale miwili juu ya odio, ujue: aliyekutumia si yeye aliyeshuhudia. Hata yule aliyemtumia yeye, pengine hapana.

Nyiragongo na Ebola: mambo tuliyoyaona kwa macho

Watu wa Goma wanaweza kulinganisha. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ikalipuka tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya Posho, magaribi. Mwaka 2002 familia iliyotengana ilitegemea mguu na mdomo: unatembea, unauliza. Mwaka 2021 picha za anga jekundu zilikuwa kwenye simu za Bukavu, Butembo na Ulaya kabla lava haijasimama. Siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba zaidi ya watoto 150 walitengana na familia zao. Watu walipartaje picha za watoto, majina ya wazazi, mahali mtoto alipo: Sake, Gisenyi, Minova.

Lakini siku zile zile, maneno ya kutisha yalitembea pia. Tarehe 27 mwezi wa tano, viongozi waliomba watu wa kartie 10 za Goma waondoke, wakaeleza kwamba magma iko chini ya mji na chini ya ziwa, na kwamba mlipuko unaweza kuja bila onyo. Hiyo ilikuwa habari rasmi. Ila kila mkono ulioipeleka mbele uliongeza chumvi yake: saa fulani, siku fulani, ziwa litapasuka. Uongo mzuri unapenda kupanda mgongoni mwa ukweli. Kwa hiyo haitoshi kuuliza “hii ni kweli?” Uliza pia: “sehemu gani ni ya kweli, na sehemu gani imeongezwa?”

Sisi wa Beni na Butembo tuna kumbukumbu ya Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukianzia Mangina, ukatangazwa umekwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Mwezi wa tisa 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mmoja kwa wanne alisema Ebola haiko ya kweli. Tungeweza kusema: ni makosa ya WhatsApp. Lakini angalia jibu lingine la watu wale wale: ni karibu mmoja tu kwa watatu aliyeamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea faida yake. Na wale wasioamini viongozi ndio walikataa zaidi chanjo.

Ni kusema uongo haukuzaliwa ndani ya simu. Ulipata udongo tayari: vita, mauaji, ahadi zisizotimizwa. Simu iliubeba tu. Kwa sababu hiyo, kumjibu mtu kwa dharau ndani ya grupu, “wewe ni mujinga”, hakusaidii. Anayesikilizwa ni yule anayeaminiwa tangu zamani: muuguzi wa kartie, mama mkubwa wa kwaya, mwalimu wa watoto. Imani inajengwa nje ya simu, kisha inaingia ndani.

Nini inafanya grupu idumu

Tangu mwaka 2022 WhatsApp inakubali mpaka wanamemba 1,024 katika grupu moja. Zamani ilikuwa 100, ikapanda 256, ikapanda 512. Lakini kichwa cha mtu hakikupanda. Mtafiti wa Uingereza, Robin Dunbar, alikadiria kwamba mtu anaweza kushika uhusiano wa kweli na watu karibu 150. Watafiti wengine wanabishana naye juu ya namba, ila sisi wenyewe tunaona: katika grupu ya watu 900, wanaosema ni ishirini, wengine wanatazama, na hakuna anayejua nani ni nani. Hapo ndipo mgeni anaingia na kupanda maneno bila mtu kuuliza “wewe ni mtoto wa nani?”

Kwa kuelewa grupu nzuri, hatuna haja ya kwenda mbali. Angalia AVEC zetu, yale makundi ya kuweka na kukopeshana pesa. Wanamemba ni kati ya 15 na 25 ao 30, wanaojuana na waliochaguana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kanuni zinasomwa kwa sauti. Anayechelewa analipa faini ndogo, hafukuzwi mara moja. Watu wanaonana uso kwa uso kila juma.

Grupu ya WhatsApp inayodumu inafanana na hiyo.

Iko na kazi moja. Grupu ya usalama wa kartie si ya kuuza viatu, si ya siasa, si ya kutuma maombi 40 kila asubuhi. Mtu akizoea kelele, anafunga sauti ya grupu. Na siku ya hatari ya kweli, hasikii.

Iko na admini watatu ao wanne, wa familia tofauti, na angalau wawili wawe wanawake. Admini mmoja akisafiri, akikosa mega, ama akigombana na mtu, grupu haikufi.

Mlango wake unajulikana. Anayeingia analetwa na mtu anayesema jina lake. Kiungo cha kuingilia hakitupwi ovyo ovyo mahali pa watu wote.

Iko na kanuni tano ao sita tu, fupi, zinazorudiliwa kwa odio kila mwezi. Anayevunja anaonywa kwanza pembeni, si mbele ya watu. Mtu akiaibishwa mbele ya wote, hatabadilika; ataondoka na kufungua grupu yake ya hasira.

Na wanamemba wanaonana. Salongo, kilio, kikao cha nyumba kumi. Grupu ambayo watu wake hawajawahi kukaa pamoja ni kama nyumba bila msingi.

Ongeza moja ambayo historia ilitufundisha. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yote, karibu siku 20. Grupu zote zilinyamaza. Waliokuwa na namba za jirani kwenye karatasi waliendelea kuitana kwa simu ya kawaida. Waliotegemea WhatsApp peke yake hawakujua hata namba ya nyumba ya tatu. Andika namba kwenye kaye, weka mahali pakavu.

Nani anabaki nje

Tunaposema “grupu ya kartie”, tusidanganyike kwamba kartie nzima iko ndani. Yule mama anayelima, mwenye simu ya vibatoni, hayuko. Wakimbizi wa ndani waliouza simu zao kwa kununua unga hawako. Katika nyumba nyingi simu ya ekra ni moja, na iko mfukoni mwa baba. Na gharama haijawahi kuwa ndogo: wengi wanakumbuka ile taksi ya RAM iliyoanza mwaka 2020, dolari 7 kwa mwaka kwa simu yenye intaneti, iliyokata unite za watu mpaka ikaondolewa mwaka 2022.

Kwa hiyo kama grupu inasema “tulijulisha watu wote”, uliza: nani alienda kugonga mlango wa mama asiye na ekra? Grupu zingine zinagawa kazi: kila memba ana nyumba mbili ao tatu za kujulisha kwa mdomo. Na hapo radio nayo inabaki na kazi yake. Mtu asiye na mega anasikia radio bure, na sisi wa radio tuna deni la kutafuta mbele ya kusema.

Wezi wanapenda grupu zenye upendo

Mahali watu wanaaminiana, mwizi naye anapita. Mchezo unaorudi mara nyingi ni huu: unapata ujumbe kutoka namba ya ndugu, “nisaidie, nimekutumia kodi ya namba sita kwa makosa, nirudishie”. Hiyo kodi ni ufunguo wa WhatsApp yako wewe. Ukiitoa, mwizi anakufukuza kwenye akaunti yako, kisha anaomba pesa kwa jina lako katika grupu zako zote: “niko hospitali, nitumieni haraka”. Wanamemba wanatuma, kwa sababu namba ni yako.

Dawa iko rahisi. Kodi ya namba sita haipewi mtu, hata mke ao mume. Katika mipangilio ya WhatsApp, washa uhakikisho wa hatua mbili, uweke namba ya siri yako mwenyewe. Na mtu akiomba pesa kwa ujumbe, mpigie usikie sauti yake na umuulize kitu ambacho yeye tu anakijua.

Jambo lingine kwa sisi wa maeneo ya vita: usitupe katika grupu mahali askari wapo, wala jina la mtu mnayemshuku. Hujui simu ya nani itashikwa kwenye barriere kesho, na watu wamekwisha kupigwa kwa jina lililotajwa bila ushahidi. Sheria nayo ipo: Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 haimgusi tu yule aliyeanzisha habari ya uongo juu ya mtu. Inamgusa pia aliyeipeleka mbele.

Mbele ya kubonyeza

Nyuma ya ule usiku, sisi wa kartie tulikaa chini, wazee, vijana na wamama, tukakubaliana maswali manne. Yanasomwa kila mwanzo wa mwezi.

La kwanza: nani ameona kwa macho yake? Si nani amesikia. Kama hakuna jina, tunangoja.

La pili: wapi na lini? Odio isiyotaja kijiji wala siku haipiti.

La tatu: nani yuko pale tunaweza kupigia? Karibu kila mara kuna mtu. Katika kartie moja utakosaje mwenye shemeji Kanyabayonga, mwenye dada Oicha, mwenye rafiki Bunia? Tumeandika orodha: memba fulani anajua mtu mahali fulani. Hapo tunatumia daraja mbele ya uongo kulitumia.

La nne: nikikosea, nani ataumia? Tukikosea kwa kungoja dakika tano, kuna hatari. Tukikosea kwa kukimbiza watu usiku, kuna hatari pia. Hatuna jibu moja kwa siku zote. Lakini swali linamfanya mtu aondoe kidole kidogo.

Na tuliongeza kanuni moja juu ya makosa. Aliyepartaje kitu cha uongo hafichi wala hafuti kimya kimya. Anarudi mahali pale pale, katika kila grupu alipokipeleka, anasema kwa sauti yake mwenyewe: “Ile nilituma haikukuwa ya kweli.” Mimi ndiye nilianza. Odio yangu ilikuwa ya sekunde kumi na mbili, na ilinichukua usiku mzima kuitengeneza.

Yule mama sasa anatembea na fimbo. Mjukuu wake amemnunulia simu ndogo ya ekra, na yeye ni mmoja wa admini wetu. Odio ya kutisha ikiingia usiku, yeye ndiye wa kwanza kujibu, kwa neno moja: “Nani ameona?” Kisha wote tunangoja jibu.